Kisiki cha Mninga

Pale Kaliua treni ya Mpanda inaiacha reli ya Kigoma na kushika njia ya kusini. Kuanzia hapo ni miombo tu mpaka macho yachoke. Unavuka mto Ugalla, kisha miombo tena. Nilikaa dirishani nikiziwaza familia zilizopita hapa zaidi ya miaka hamsini iliyopita, zimeketi juu ya mizigo yao, hazijui zitashushwa wapi. Nilikuwa nafuata njia ya baba mmoja ambaye sasa ni mzee wa Katumba. Njia yake ndiyo ya maelfu ya Warundi walioingia nchini kwetu mwaka 1972 na kuishia kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo.

Njia hiyo haikuanzia relini. Ilianzia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Rumonge. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walishambulia kusini mwa Burundi, wakaua Watutsi wengi na watumishi wa serikali. Serikali ya Michel Micombero ikajibu kwa kuwawinda Wahutu nchi nzima, hasa waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, hata wanafunzi waliotolewa darasani na kupakiwa kwenye malori. Makadirio ya chini yanataja watu 100,000 waliouawa katika miezi michache. Warundi huyaita mambo ya mwaka ule Ikiza, yaani janga, na nimeona wazee wakilitamka neno hilo kwa sauti ya chini kama vile bado kuna mtu anayesikiliza nyuma ya mlango.

Mzee wangu hakuwa msomi. Alikuwa mkulima aliyevua samaki msimu wa kuvua. Usiku mmoja alimpandisha mkewe na watoto wawili mtumbwini wakaambaa na pwani kuelekea kusini, wakipiga kasia gizani na kujificha kwenye matete kulipokucha. "Mke wangu alichukua sufuria," aliniambia. "Mimi nikachukua jembe." Nilimuuliza kwa nini jembe. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini alichukua mikono yake.

Kigoma hawakuhitaji mkalimani. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu, na Waha wengi walikuwa na wakwe na marafiki ng'ambo ya mpaka tangu zamani. Alilima mashamba ya watu kwa ujira wa muhogo, akapewa kona ya kujenga kibanda, akaanza kuona kwamba pengine hapa panamtosha. Lakini mpaka ulikuwa karibu mno. Mwaka 1973 majeshi ya Burundi yalishambulia vijiji vya Kigoma na kuua raia wa Tanzania, mpaka wafanyakazi wa bandari wakagoma kugusa mizigo ya Burundi. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikaona wageni waliobaki Kigoma nao wasogezwe ndani zaidi, mbali na mpaka, wapewe ardhi walime. Hapo ndipo alipopanda treni.

Ardhi yenyewe ina habari yake, na nadhani wengi wetu hatuijui. Tumezoea kusema Warundi walipewa pori tupu. Pori lile lilikuwa na wenyewe, Wakonongo na Wabende, warina asali na wawindaji. Enzi za Waingereza malale yalienea, na utawala ukawahamisha watu wengi kutoka vijiji vyao vya msituni na kuwakusanya sehemu chache ili mbung'o wasiwamalize. Miti ikamea palipokuwa na nyumba. Reli nayo ililetwa baadaye kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda. Kwa hiyo baba yule aliposhushwa Katumba, alikanyaga mahali ambapo watu wengine walikuwa wameondolewa kabla yake, akaambiwa aanze.

Alianza na shoka. Ulyankulu ilikuwa imefunguliwa mwaka 1972, Katumba ikafuata 1973, na Mishamo mwaka 1978, Ulyankulu ilipozidiwa na watu huku maji na ardhi nzuri vikipungua. Mpango ulikuwa mmoja: barabara zinachongwa msituni zimenyooka, kila familia inapimiwa kipande chake kandokando ya barabara (Mishamo kilikuwa hekta 5), inapewa zana na mbegu, na inalishwa kwa mgao wa chakula mpaka shamba lijibu. Baada ya hapo ijitegemee. Na ilijitegemea. Mahindi, maharage, muhogo na tumbaku vya makazi haya vililisha na kutajirisha watu wengi ambao hawakuwahi kujiuliza vimetoka kwa nani. Mwalimu alipopewa Medali ya Nansen mwaka 1983 kwa ukarimu wake kwa wakimbizi, alistahili. Lakini mimi nawahesabu baba wale pia, na mama waliong'oa visiki pamoja nao, miongoni mwa waliofungua magharibi ya nchi hii.

Kilichomsumbua mzee wangu mwanzoni hakikuwa kazi. Ilikuwa ile barabara iliyonyooka. Burundi watu hawakai vijijini kwa mistari. Kila mmoja na boma lake juu ya kilima chake, kazungukwa na shamba la baba yake, ambalo Kirundi huliita itongo. Kule unamtambulisha mtu kwa kilima. Hapa nchi ni tambarare, nyumba zinatazamana, na anwani yako ni namba ya barabara. Miaka miwili ya kwanza, anasema, alikuwa akitoka nje asubuhi anatafuta mteremko.

Alinipeleka shambani kunionyesha kisiki. Ni cha mninga, kimefika kiunoni, kimekauka na kuwa cheusi kwa moto wa miaka mingi. Miti mingine yote aliishinda. Huu aliukata mwezi wa kwanza, lakini mizizi ikamkatalia, akauchoma msimu baada ya msimu, mwisho akaamua kulima akiuzunguka. Juu yake pamelainika kwa kukaliwa. Wanawe walikula hapo wakati wa palizi, kisha wajukuu. Nilipoweka mkono nikahisi alama za shoka ubavuni, fupifupi, za mtu aliyekuwa amechoka.

Lakini katika miaka yote ile hakuwa huru kutoka. Mkimbizi alitakiwa aishi ndani ya makazi. Akitaka kwenda mjini, hospitali ya mbali au msibani, aombe kibali ofisini kwa mkuu wa makazi. Kinaandikwa jina, aendako, siku ya kurudi. Ukikutwa bila hicho ni polisi. Kibali kimoja amekitunza hadi leo, karatasi iliyochanika kwenye mikunjo, muhuri umefifia kuwa kama doa la damu ya zambarau. Mtu aliyelisha mji wa Mpanda maharage aliomba ruhusa ya kuuingia.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi walikubaliana kumaliza jambo hili. Watu wapatao 218,000 wa makazi yale ya zamani waliulizwa: kurudi Burundi au kuwa Watanzania? Wanne katika kila watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 maombi ya zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa, jambo ambalo nchi chache sana duniani zimewahi kulifanya, nami najivunia kwamba ni yetu. Ila likawekwa sharti: ili wapate vyeti, wahame makazi, watawanywe katika mikoa mingine ili wachanganyike na wananchi.

Hapo mzee alinyamaza kwa muda. "Nilikuwa na miaka sitini na zaidi," akasema. "Wameniambia karibu nyumbani, halafu wananiambia toka nyumbani." Alikuwa amewazika mkewe na mtoto mmoja pale. Miaka ikapita watu hawajui kama wajenge au wasijenge, wapande miembe au waache. Siwezi kuutetea mpango ule. Kuchanganyika kulikuwa kumeshatokea sokoni, shuleni na kwenye ndoa. Hatimaye sharti likaondolewa, na Oktoba 2014 vyeti vikaanza kugawiwa, miaka 42 baada ya mtumbwi.

Siku niliyoondoka alinisindikiza Mpanda mjini, yeye akiwa na shida ya betri ya redio. Kabla ya kutoka aliingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni, akatoa cheti cha uraia, akakikunja mara mbili na kukitia mfuko wa ndani wa koti. Mjukuu wake akacheka, "Babu, hakuna anayekuuliza." Akajibu, "Najua," akafunga kifungo.