Anne Wafula Strike

Anne Wafula Strike (amezaliwa Mihuu, Kenya, 1969) ni mwanariadha wa mbio za kiti cha magurudumu. Polio ilimpoozesha miguu akiwa mdogo. Baadhi ya wanakijiji waliiita laana. Jibu lake lilikuwa shule: alihitimu Chuo Kikuu cha Moi, akawa mwalimu.

Alianza mbio hizi akiwa mtu mzima, baada ya kuhamia Uingereza. Kiti cha mbio hizo kina magurudumu matatu, na mwendo wote hutoka mikononi.

Mwaka 2004 aliiwakilisha Kenya katika Paralimpiki ya Athens, akitajwa kuwa wa kwanza kutoka Afrika Mashariki katika mbio za kiti cha magurudumu. Baadaye aliiwakilisha Uingereza, na mwaka 2014 akatunukiwa MBE, nishani ya heshima ya Uingereza.