Umeme wa Jinja na Sigiri ya Kyebando

Ukipita Kyebando, kaskazini mwa Kampala, majira ya saa moja jioni, utaona taa zimewaka ndani na sigiri za makaa zikipepewa nje ya milango. Nyumba ina umeme, lakini chungu hakina habari nao.

Jambo hili lina historia. Gavana John Hall alipolitetea bwawa la Owen Falls kule Jinja, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth tarehe 29 Aprili 1954, alikuwa na viwanda akilini: vya nguo na cha kuyeyusha shaba ya Kilembe. Jiko la nyumbani halikuwa shabaha. Viwanda havikutosha kuumaliza umeme huo, hata sehemu yake ikauzwa Kenya.

Nusu karne baadaye mambo yaligeuka. Ukame wa 2005 na 2006 uliteremsha maji ya Ziwa Victoria, na Kampala ikazoea mgawo wa umeme. Ndipo zikaja Bujagali (megawati 250, mwaka 2012), Isimba (183, mwaka 2019) na Karuma (600, iliyozinduliwa 2024). Leo, kama zama za Hall, uwezo wa mitambo umeyapita matumizi.

Basi mbona makaa hayaachwi? Serikali ilishusha bei ya umeme wa kupikia, lakini nafuu ile iliwekwa ianze baada ya uniti 80 kwa mwezi. Mpangaji wa chumba kimoja, anayenunua yaka kidogo kidogo, huenda asifike huko kabisa. Naona ngazi hiyo imeanzia juu mno.

Tuseme amefika. Taa tano za wati 10 huhitaji wati 50. Jiko moja la wati 1,000 ni sawa na nyumba ishirini za namna hiyo. Jiko la presha hutumia umeme mchache kwa mlo mzima, ni kweli, ila huutaka kwa mkupuo, na majirani wote hupika saa ile ile. Ongeza betri za bodaboda zinazochajiwa usiku. Karuma yaweza kuwa na umeme tele, na transfoma ya mtaani, iliyopimwa kwa nyumba za taa, ikaungua.

Tangu Aprili 2025 usambazaji umerudi kwa kampuni ya umma, UEDCL, baada ya miaka ishirini ya Umeme. Mkutano wa LC1 ukiitishwa, uliza: transfoma yetu ina uwezo gani, na nyumba ngapi zinaitegemea?