Lori la Sinema na Watazamaji Waliodharauliwa

Makumbusho yanapoandaa filamu fupi kwa watoto na wazazi wao, jambo la kwanza kuulizwa mara nyingi ni filamu gani wataielewa. Swali hilo lina historia ndefu kwetu, na historia hiyo inaonyesha kwamba ni pabaya pa kuanzia. Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na Geoffrey Latham walianzisha mradi wa sinema za elimu kwa Waafrika, kwa fedha za Shirika la Carnegie la Marekani. Hadi mwaka 1937 walikuwa wametengeneza filamu fupi zipatazo 35. Walizipakia kwenye lori pamoja na mashine ya kuonyeshea na santuri zenye maelezo kwa lugha mbalimbali, wakazunguka nazo Tanganyika, nchi jirani za Kenya na Uganda, hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Watu walitazama habari za safura, za mifugo, za kuweka akiba posta. Waigizaji walikuwa Waafrika. Nani atazungumza nini, na kwa nini, hayo waliyaamua wageni.

Kilichoharibu kazi hii ni hukumu iliyotolewa kabla taa haijawashwa: kwamba Mwafrika, hata mwenye mvi, ni mtoto mbele ya picha. William Sellers, aliyeanzia Nigeria na baadaye kuongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni cha Uingereza kilichoundwa mwaka 1939, aliigeuza hukumu hiyo kuwa kanuni za ufundi: picha ziende polepole, kamera isirukeruke, hila zote ziachwe. Likaenea na simulizi la wanakijiji walioonyeshwa filamu ya usafi, wakasema wameona kuku tu aliyepita pembeni. Mwanazuoni wa mawasiliano Marshall McLuhan alilirudia mwaka 1962 kama ushahidi wa namna Waafrika wanavyotazama. Mimi nasoma kinyume. Mtu anayemwona kuku ambaye hata mtengenezaji hakujua yumo ametazama kwa makini zaidi kuliko aliyemletea filamu.

Atatokea wa kusema kwamba safura iliua kweli, na kwamba aliyekuwa hajaona sinema maishani alihitaji kushikwa mkono. La safura nalikubali bila ubishi. Elimu ile ilihitajika. Lakini ugeni wa picha haukuwa wa Afrika peke yake. Ndugu Lumière walipoonyesha filamu zao za chini ya dakika moja mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, watazamaji nao walikuwa wageni kabisa. Hakuna aliyeanzisha kitengo cha kuwapimia Wafaransa akili. Waliachwa wakazoea, na wakazoea upesi. Huku pwani nako watu walijifunza wenyewe. Katika kumbi za Unguja na Dar es Salaam walifuatilia filamu za Kihindi zenye nyimbo na visa vilivyopindapinda, wengi wao bila kujua neno la Kihindi, na filamu ya Awara ya mwigizaji Raj Kapoor ikapendwa mno. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilipopata sinema ya kutazamwa garini, familia zilikwenda na watoto na vyakula vyao. Walikuwa watazamaji kamili, wenye hukumu zao juu ya mapenzi na haki.

Pingamizi lililo gumu zaidi ni kwamba mtoto ni mtoto kweli, hivyo mfano wa watu wazima waliodhalilishwa haumhusu. Unamhusu. Mtoto hajui mengi, lakini kutojua si kushindwa kuona, na ndiyo tofauti ambayo Vugiri haikuitambua. Kwa hiyo katika maonyesho ya makumbusho maelezo ya mwalimu yangefuata filamu, baada ya watoto na wazazi kusema walichoona, hata kama ni kuku. Filamu chache za mradi ule zilizobaki zimehifadhiwa Uingereza. Nakala zake zingestahili kuonyeshwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mbele ya watoto wa Korogwe na Morogoro, bila santuri ya kuwaambia wanatazama nini.