Nyongeza za barua pepe

Nyongeza ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu ya barua pepe ili kuipa kazi ambayo haikuja nayo. Mfano mashuhuri ni nyongeza za Thunderbird ya Mozilla, iliyotoka rasmi mwaka 2004. Huja kama faili la XPI, ambalo laweza kubebwa kwa flashi na kupachikwa bila kula bando.

Kitengela na mjini Kajiado, Kenya, wengi husoma barua kwenye simu, kwa hiyo nyongeza hizi hufaa zaidi ofisi yenye kompyuta yake. Wakala wa ploti kando ya barabara ya Namanga, anayejibu maswali yaleyale kila siku kuhusu hatimiliki na maji, akiwa na nyongeza ya Quicktext huandika jibu mara moja tu. Baadaye hubofya, na jina la mteja hujijaza lenyewe. Kamusi ya tahajia nayo huondoa mistari myekundu chini ya maneno sahihi ya Kiswahili, kero ya miaka mingi.

Toleo la 78 la Thunderbird (2020) liliacha nyongeza za mtindo wa zamani, na nyingi zikafa. Enigmail ya kusimba barua haikuhitajika tena, kwani kazi yake iliingizwa ndani ya Thunderbird yenyewe. Ruhusa zisomwe kabla ya kupachika: baadhi ya nyongeza huweza kusoma barua zote.