Moi, Nakuru na Katiba ya Majimbo

Katiba ambayo Kenya ilipatia uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ilikuwa ya majimbo. Miongoni mwa walioipigania ni Daniel arap Moi, mwalimu kutoka Sacho, Baringo, aliyeingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955.

Mazungumzo ya katiba yalifanyika Lancaster House, London, kwa awamu tatu: 1960, 1962 na 1963. Katika awamu ya kwanza wajumbe Waafrika walikwenda wakiwa kundi moja, Ronald Ngala akiwaongoza na Tom Mboya akiwa katibu. Waliporudi wakagawanyika. Chama cha KANU kiliundwa Mei 1960, na mwezi uliofuata vyama vya jamii ndogo vikaungana huko Ngong kuunda KADU. Ngala akawa rais wa chama, Masinde Muliro makamu wake, Moi mwenyekiti.

Kiini cha hofu ya KADU kilikuwa ardhi. Kuanzia Naivasha hadi Nakuru na Molo, mashamba makubwa yalikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Wamaasai na Wakalenjin waliyahesabu kuwa malisho ya mababu zao. Vibarua waliokuwa wakiyalima, wengi wao Wakikuyu, nao walitazamia kupata sehemu yao. KADU haikutaka uamuzi huo uachiwe Nairobi peke yake.

Mkutano wa 1962, ulioanza Februari na kumalizika Aprili, uliipa KADU sehemu kubwa ya ilichodai: majimbo, kila moja na bunge lake, Nairobi ikiwa eneo la pekee, na Seneti ya wajumbe 41 ya kuyalinda. Kufuli la kuzuia katiba hiyo isibadilishwe lilikuwa zito. Vipengele vikuu havingerekebishwa bila robo tatu ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Maseneta 5 tu walitosha kukwamisha mabadiliko. KANU ilikubali shingo upande, uhuru usije ukachelewa.

KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963, lakini Bonde la Ufa lilibaki kwa KADU. Moi akawa rais wa jimbo hilo, makao makuu yakiwa Nakuru. Serikali kuu ilisitasita kukabidhi madaraka na fedha, na majimbo yakadhoofika. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilijivunja na kujiunga na KANU. Walinzi wa kufuli wakawa wamehamia upande wa pili. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri, na Seneti haikumaliza muongo huo.

Moi akawa makamu wa rais mwaka 1967 na rais mwaka 1978. Mwaka 1982, chini ya utawala wake, kifungu cha 2A kiliifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria.

Januari 2010 kamati ya Bunge ilikutana Naivasha kupitia rasimu ya katiba mpya. Ngazi ya majimbo ikaondolewa kwenye rasimu hiyo, zikabaki kaunti 47. Moi, wakati huo mstaafu, aliipinga rasimu katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, lakini ilipita. Seneti ilirudi, na mabunge ya mashinani yakarudi. La Kaunti ya Nakuru hukutana mjini Nakuru, mji ule ule uliokuwa makao ya jimbo la Moi mwaka 1963.