Kanumba wa Shinyanga: alichokiuza na kilichobaki



Leo sina habari ya shela wala hina. Nilikuwa safari ya Kahama na Geita kupeleka madera na mabaibui, maana wateja wangu wa machimboni wakipata hela hawana mchezo na kuvaa. Wakati wa kurudi nikapitia Mwanza, basi likashika njia ya Shinyanga. Tulipofika Shinyanga mjini, mama mtu mzima niliyekaa naye siti moja akanigusa bega. "Mwanangu, hapa ndo kwao Kanumba." Aliongea kama vile Kanumba yupo hapo nje anatusubiri. Nikanyamaza, lakini hadi Dar nilikuwa namuwaza, na nimeona niyaandike.

Steven Charles Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Msukuma, Mkristo, mtoto wa Bi Flora Mtegoa. Alisoma shule ya msingi Bugoyi pale mjini, akaenda sekondari Mwadui, halafu akahamia Dar es Salaam, na kidato cha tano na sita akasoma Jitegemee. Mwadui ndiyo pale penye mgodi wa almasi aliougundua Williamson mwaka 1940. Tutarudi Mwadui baadaye.

Mwaka 2002 akajiunga na Kaole Sanaa Group. Hapa waliozaliwa juzi inabidi niwaeleze kidogo. Sisi Zanzibar tulikuwa na televisheni tangu 1973, tena ya rangi, wakati bara hawakuwa nayo kabisa. Wao walisubiri hadi 1994 vituo binafsi vilipoanza, ITV ikiwemo. Lakini michezo ya kuigiza ya kila wiki, ile inayokufanya uoshe vyombo mapema, ilitoka kwao. Kaole walikuwa wanaonyeshwa ITV. Bi Hindu, Mzee Kipara, Swebe, Nora, Ray. Nyumba moja mtaani ndiyo ilikuwa na TV, sisi watoto tunakaa kwenye mkeka mbele, mama zetu nyuma na makanga yao mabegani, na mama akimuona mkwe mkorofi kwenye mchezo anamtukana kama anamsikia. Hakukuwa na mambo makubwa, sebule ni ya mtu, kamera moja, nguo mtu anakuja nazo kutoka nyumbani. (Kwa jicho langu la ufundi, suruali nyingi zilikuwa hazijapimwa.) Humo ndimo alimotokea kijana mrefu mtanashati, na dada zetu wakaanza kuuliza, huyu nani?

Baadaye waigizaji wakahama kwenye televisheni wakaanza kutengeneza filamu za kuuza madukani, part one na part two, kila moja diski yake. Ukimaliza ya kwanza roho inakuuma, lazima ununue ya pili. Kanumba akacheza Johari pamoja na Ray na Blandina Chagula. Mwaka 2006 ikatoka Dar to Lagos, akiwa na waigizaji wa Nigeria, na hapo ndipo alipowaacha wenzake. Wakati ule sote tulikuwa tunaangalia Wanigeria, yeye akawafuata kwao. Akaanzisha kampuni yake, Kanumba The Great Films. Mwaka 2011 akamleta Ramsey Nouah kwenye Devil Kingdom. Na ile Uncle JJ aliyocheza na watoto, sijui nyumba gani haikuiona.

Alichekwa pia. Mwaka 2009 alialikwa kwenye jumba la Big Brother Africa na watu wakamcheka Kiingereza chake miezi na miezi. Mimi niliyeishia sekondari nikaenda kusomea ushonaji, hilo liliniingia. Kijana wa Bugoyi kafika alikofika kwa Kiswahili, wanaomcheka wenyewe wanaangalia filamu zake.

Alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 7 Aprili 2012, nyumbani kwake Sinza. Miaka 28 tu. Aliagwa viwanja vya Leaders tarehe 10, watu maelfu kwa maelfu, wengine wakazimia. Makamu wa Rais, Dkt. Mohamed Gharib Bilal, mtu wetu wa visiwani, alikuwepo, na Mama Salma Kikwete pia. Akazikwa Kinondoni. Habari za kesi iliyofuata msiniulize kwenye maoni. Mahakama Kuu ilitoa hukumu mwaka 2017, adhabu ikatumikiwa, ikaisha. Kuendelea kuitafuna ni ghiba, kwa aliyekufa na kwa aliye hai.

Ninalotaka kusema ni hili. Kila mwaka ukifika Aprili watu wanasema bongo movie ilikufa na Kanumba. Nabisha. Kanumba aliondoka na mvuto wake, kweli, lakini biashara yenyewe ilikuwa imekaa vibaya toka yuko hai. Mtengenezaji alikuwa anampelekea msambazaji kazi iliyokamilika, analipwa hela kwa mkupuo, na haki zinakwenda hukohuko. Ikiuza nakala elfu mbili au laki mbili, yeye kashamaliza. Ndiyo maana walikuwa wanakimbizana kutoa filamu mpya kila baada ya muda mfupi, hawana ya zamani inayowalisha. Juu yake wezi wa nakala. Stempu za kodi kwenye diski zilikuja 2013, yeye keshazikwa. Halafu Azam TV ikaingia, tamthilia za Kituruki zikatafsiriwa kwa Kiswahili, na nikaanza kuletewa picha za Hurrem wa Sultan, "dada nataka mikono kama hii". Nani tena atanunua diski?

Sheria haikukosekana. Sheria ya Hakimiliki ya bara ni ya 1999, na inasema haki ya msanii inadumu uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Visiwani tuna yetu ya 2003 na ofisi ya COSOZA. Yaani filamu ingeweza kumlisha mama mzazi miaka na miaka. Lakini ukishauza haki, warithi wanarithi jina na picha ukutani.

Na mimi sina wa kumcheka. Miaka ya mwanzo duka moja lilinunua kwangu mshono wa nguo ya harusi, pamoja na karatasi zangu zote za kukatia, kwa hela iliyotosha kodi ya chumba miezi miwili. Nilifurahi nikapika biriani. Mshono ule ukavaliwa maharusini misimu mitatu, nami nikawa naambiwa nimeiga! Hakuna karatasi niliyosaini wala niliyobaki nayo.

Nilisema tutarudi Mwadui. Huko Geita mteja wangu mmoja, mke wa mchimbaji mdogo, alinieleza mumewe anavyouza dhahabu kwa dalali palepale, ikiwa bado haijapoa, kwa sababu watoto wanataka ada. Nilimuuliza kwa nini asisubiri bei. Akanicheka. Kisha akatoa simu anionyeshe kitu wakati nampima kiuno, na kilichokuwa kinacheza humo ni filamu ya Kanumba, imetoka YouTube, watazamaji malaki. Nikamwomba anigeuzie simu nisome jina la mwenye chaneli. Halikuwa la Kanumba wala la mtu wa kwao.