Nani Alilipia Vita? Hesabu Kutoka Katelembo

Viongozi wa NATO wakikutana, gumzo ni asilimia. Mwaka 2014 walikubaliana kila nchi ijitahidi kutumia asilimia 2 ya pato lake kwa ulinzi. Mwaka 2025 lengo likapandishwa hadi 5 ifikapo 2035. Anayetoa kidogo anaonekana mdandiaji. Sawa, lakini hebu tuifanye hesabu hiyo tukiwa Katelembo, pembeni mwa mji wa Machakos.

Mwaka 1914 Waingereza na Wajerumani walianza kupigana huku kwetu. Barabara zilikuwa chache na mbung'o waliua farasi na ng'ombe, kwa hiyo mizigo ikapanda vichwani mwa watu. Mwaka 1917 kazi ya kukusanya wapagazi alipewa John Ainsworth, mzungu aliyeijua Machakos vizuri, maana alikuwa mtawala hapo miaka ya 1890. Wanaume wakachukuliwa kwa nguvu, Ukambani ikiwemo. Wapagazi zaidi ya 40,000 waliandikwa kuwa wamekufa, wengi kwa kuhara na malaria wala si kwa risasi. Mishahara ya wengi wao haikufika nyumbani, na London ilipoombwa baadaye izitoe pesa hizo, ikakataa. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichotuachia majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Mwaka 1938 serikali ileile ikaja kuchukua ng'ombe, eti mifugo imezidi na udongo unaisha. Wakamba, ambao vijana wao walijaa katika KAR na polisi, wakatembea kwa maelfu hadi Nairobi. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishiwa Lamu kwa lazima. Lakini mwishowe uuzaji wa ng'ombe kwa nguvu ukasimamishwa. Vita vingine vilikuwa vinanukia, na serikali iliogopa kuwaudhi askari wa Kikamba. Kwa mara moja, mtoa watu alisikilizwa.

Usidhani mambo haya yamepita. Kenya ilipojiunga na AMISOM nchini Somalia mwaka 2012, Umoja wa Ulaya ndio uliolipa posho, dola 1,028 kwa kila mwanajeshi kwa mwezi. Januari 2016 Ulaya ikapunguza mchango huo kwa asilimia 20. Mwezi huohuo, tarehe 15, Al-Shabaab wakavamia kambi ya Wakenya huko El Adde.

Ulaya haikudanganya, ilitoa pesa nyingi kweli. Shida ni kwamba pesa zina risiti, na mlipaji anaweza kupunguza akitaka. Familia iliyotoa mtoto haiwezi kupunguza asilimia 20. Kwa hiyo ukisikia washirika wakigombania nani hajatoa fungu lake, uliza pia vijana wanatoka wapi, na nani anakaa mezani kwa niaba yao.